Mlango wa Mbele na Mlango wa Uani

Nakumbuka asubuhi moja huko Msambweni, mwanangu, nilipovaa buibui, nikatia viatu vya ofisini, nikachukua mkoba, nikamuaga mama na kutoka kwa mlango wa mbele. Nikawaamkia majirani wote barazani. Kisha nikaizunguka nyumba yetu wenyewe na kuingia kwa mlango wa uani. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yangu nzima ya kwenda kazini. Cheka tu, lakini safari ile iliniokoa.

Miaka ya tisini ilikuwa inakatika. Nilikuwa mpiga chapa Mombasa, katika ofisi ya Bwana Nassor, na nilijiona mtu wa mjini kwelikweli. Mama akapata kiharusi, nami ndiye mtoto wake pekee. Bwana Nassor akanipa taipureta niende nayo nyumbani Msambweni. Karatasi zingekuja kwa bahasha Jumatatu na kurudi Alhamisi. Lakini alinieleza wazi: nikichelewa mara tatu, nirudi mjini au niache kazi. Na nikirudi, mama angebaki na nani?

Nilichelewa mara mbili, wala si kwa uvivu. Kwetu, mtu aliye nyumbani mchana ana nafasi, na mpiga hodi hajibiwi kwamba una kazi. Huyu kaja kumtazama mgonjwa, yule anataka nikamsaidie kukuna nazi za harusi, mwingine hana haja ila mazungumzo. Nami husimamisha mashine, nikatandika mkeka, nikachemsha chai. Niliona haya kukataa, na haya hiyo ilikuwa karibu kunitenga na mama.

Shangazi Mwanakombo, dada yake baba, alifika kutoka Munje akanikuta nalia mbele ya taipureta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ulipokuwa Mombasa, nani alikuwa akija kukuita ukakune nazi?"

"Hakuna. Nilikuwa kazini."

"Basi nenda kazini, mwanangu. Watu hawajapata kukuona ukienda. Mgonjwa na wageni niachie mimi mpaka adhuhuri."

Basi nikaanza kuizunguka nyumba. Wageni walipokuja, shangazi aliwaambia nimekwenda kazini, na hakusema uongo, maana walikuwa wameniona. Taipureta ikilia chumba cha uani, wao wenyewe walipunguza sauti. Alhamisi ile bahasha iliondoka mapema, na haikuchelewa tena hata moja. Nilifurahi mpaka nikacheza ngoma peke yangu uani.

Mwaka haukwisha, Bwana Nassor akawapa wapiga chapa wengine wawili mashine waende nazo kwao, akakodisha nusu ya ofisi. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia chakula chini ya ofisi ile alipungukiwa na wateja, na nilimhurumia kweli. Huku kwetu, jirani aliyeanza kwa kuniuzia mimi mbaazi na mahamri akafungua mkahawa.

Leo wewe unafanya kazi ya Nairobi kwa kompyuta ukiwa Diani. Miji itakuwepo, ila haitakula peke yake tena. Kazi ikikufuata nyumbani, ipe mlango wake na saa zake, watu wakuone ukiiendea. Na chakula cha mchana nunua kwa jirani.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya karibu na wanaokuhitaji. Mimi alinipa. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila adhuhuri nilipotoka chumba cha uani alinipokea kwa maneno yale yale: "Pole na safari, mwanangu."