Radhi Waliyoniomba Jeneza Likingoja

Yule tajiri wetu wa Temeke tumemzika Ijumaa, wasomaji wangu, na mie nilikuwapo. Upande wa wanawake alikuwapo mkewe mkubwa, dada yake aliyetoka Bagamoyo, somo aliyewafunda binti zake, muuza maandazi ambaye wanawe walisomeshwa na marehemu, na mie, jirani yao wa shamba tangu enzi za baba yake. Majina yao yote ninayo kichwani, ila safu hii haina desturi ya kutaja mtu. Walikuwa wakimsifu. Maduka ya Kariakoo aliachiwa na babake, akayazidisha. Akanunua minazi mpaka Mbagala. Maskini akifa, sanda inatoka kwake. Ni kweli, sikatai.

Kabla jeneza halijatoka, mwanawe mkubwa akaja mlangoni kwetu, kama ilivyo ada, kumwombea babake radhi kwa yeyote aliyemkosea. Wenzangu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Dada mtu akanifinya paja. "Shoga, sema basi. Maiti anangoja."

"Na angoje," nikasema. "Mama yangu alingoja zaidi."

Kisima cha pale njia panda alikichimba mama yangu, mjane, pamoja na kaka zake wawili. Baba wa marehemu alipoomba maji ya kumwagilia miche yake ya minazi, mama akamruhusu, kwa ujirani tu. Mzee alipokufa, mwanawe akarithi maduka, akarithi mashamba, na kisima nacho akakirithi. Akakijengea kwa saruji, akaweka jiwe lenye jina la babake, eti sadaka kwa watu wote, akamwalika Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aje kukifungua. Vigelegele vikapigwa. Mama akapita mbele na ndoo yake, kama alivyozoea. Marehemu akamzuia kwa bakora, tena kwa upole kabisa, akitabasamu: "Panga foleni, mama, kama wenzio." Mama akarudi nyuma. Mpaka anakufa aliteka maji yake kwa foleni, na watu wakimwambia amshukuru tajiri.

Basi nikamwambia yule kijana: ling'oeni jiwe, chongeni jina la aliyechimba, ndipo nitoe radhi. Akainama. "Bibi, mbele ya watu wote hawa?"

"Mama naye aliambiwa mbele ya watu."

Jeneza likatoka bila neno langu. Tangu siku hiyo wananisema nina roho ya kisasi. Ninayo, na nalala vizuri. Kutoa ni kuzuri, wanangu, lakini anayetaka kutoa sadaka atoe kilicho chake. Ukimpokonya mtu kitu kisha ukamgawia kwa kibaba, usitake na shukrani yake.

Kama nimekosea mahali, aliyekuwapo na anisahihishe. Pengine kaka zake mama walikuwa watatu, pengine ndoo ilikuwa debe. Jiwe bado lina jina la baba wa marehemu. Basi gazetini humu leo nataja jina moja tu, la aliyekichimba kisima: Mwanaidi binti Shomari. Hilo msinisahihishe.