Mwarabu Wetu wa Kitangari

Zamani Kitangari maji tulikuwa tunayafuata bondeni. Unashuka asubuhi, unarudi jua liko utosini, na ndoo umeifunika majani mabichi ili maji yasirukeruke. Mimi hata na majani nilifika na nusu. Mama alichungulia ndoo, akauliza, "Nusu nyingine umempa nani?" Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini matusi ya njia ile ya maji nayajua yote, na nikianza hapa hatutamaliza.

Aliyekuwa hamwagi hata tone ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Baba yake alikuwa Mwarabu mwenye duka Masasi. Alifunga duka akaenda zake kabla mtoto hajaota meno. Basi mtoto tukamwita Mwarabu. Kiarabu hakujua, ila Chimakonde alitushinda sote. Rangi yenyewe jua la shamba lilishaifuta. Mgeni akija anauliza huyo Mwarabu wenu yuko wapi, na anayeulizwa ndiye yeye. Tumeingia jando pamoja, tumezeeka pamoja, ni Mwarabu tu.

Sasa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akifa anarithiwa na mpwa. Mjomba wetu alikufa mwaka juzi. Mpwa mkubwa alikuwa kaka, mimi nafuata. Siku ya kikao mundu wa marehemu ukawekwa katikati ya mkeka. Anayeuchukua ndiye mwenye mikorosho na mkubwa wa ukoo. Kaka akanyoosha mkono.

Mzee mmoja akacheka. "Aa, Mwarabu! Na wewe? Si ungojee urithi wa kwenu?"

Watu wakacheka. Utani, si ndiyo?

"Kwetu wapi, mzee?"

"Huko kwa Waarabu."

"Mama yangu mlimzika wapi?"

Tulimzika pale pale nyuma ya nyumba, na mimi nilichimba. Kaka akanigeukia. "Mdogo wangu, waambie."

Niseme kweli, uzee huu wa kudanganya wa nini. Nilijua haki ni yake. Lakini mikorosho mwaka ule ilikuwa imechanua, bwana, acha kabisa. Nikasema, "Wazee wameshasema."

Akausukuma mundu mpaka magotini kwangu, akavaa kandambili zake. Bodaboda barabarani ikampigia honi. Akaikatalia kwa mkono, akashika njia ya Masasi kwa miguu. Hajarudi.