Kaseti ya Mama Iliyokwenda Marekani

Nyumbani kwetu Kaloleni, kifaa chochote cha umeme kilikuwa na cheo cha mgeni wa heshima. Kilivishwa kitambaa alichofuma Mama kwa mkono, kikakalishwa juu ya kabati, na sisi tukaonywa tusikiguse. Televisheni ilikuwa na milango yake ya mbao na kufuli. Betri za redio zikiisha nguvu hatukuzitupa. Tulizianika juu ya bati kama samaki wadogo wa omena, na ole wako useme hazitapona. Mimi nilikuwa nimesoma magazeti mawili matatu ya ufundi, ya zamani, kwa hiyo nilijiita mtaalamu. Niliwaeleza majirani mambo ya mawimbi na mikondo ya umeme hata kama walikuwa wamekuja kuomba chumvi tu.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa Marekani. Alikwenda kusoma, akamaliza kusoma, akaendelea tu kuwa huko. Kila Krismasi barua yake ilisema atakuja mwaka ujao. Mwaka mmoja, badala ya kuja yeye, ikaja redio yenye saa ndani yake. Mama akaita majirani waje kuiona. Mtaalamu ndiye aliyeichomeka ukutani. Nambari nyekundu ziliwaka, zikang'aa kupita kiasi, kisha ukatoka moshi. Umeme wa kwao ni kama nusu ya wetu, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa mgongoni mwa redio yenyewe, lakini sisi wataalamu hatusomi migongo.

Mama aliinusa, akaifunika kitambaa chake, akaiweka juu ya kabati. Kisha akaniamuru nimwandikie ndugu yangu kwamba redio inaimba vizuri sana na ndiyo inayomwamsha kwenda kanisani. Alisema si vizuri kumvunja moyo mtu kwa sababu ya zawadi yake. Nikaandika, na nikaongeza kwa ufundi wangu kwamba sauti ni safi.

Miaka ya tisini ilipoingia, kijana mmoja wa Kondele, mtaa wa jirani, alinunua kamera ya video ya kupigia picha za harusi. Ilikuwa inabebwa begani kama mkungu wa ndizi. Nilipoiona tu nilikosa usingizi. Nikamshawishi aniazime siku moja, nikamwambia Mama tumtumie mwanawe kaseti. Mimi nilitaka kubeba kamera. Mama alitaka mtoto wake. Aliogopa kufa kabla hajamwona, na alilisema hilo bila kuzunguka: "Akiona vile nimezeeka, ataacha habari za mwaka ujao." Nilimsikia jikoni akiyakariri atakayomwambia huku akichambua mboga.

Siku ilipofika alivaa gauni la kanisani, akaketi kitini, mikono juu ya magoti. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka, na Mama akaganda.

Alikuwa amezoea studio za mjini, ambako mpiga picha alikukaripia ukipepesa jicho. Nikampungia mkono aongee, hakutikisika. Nikamwambia kwa maneno, akazidi kukaza shingo. Jirani alichungulia mlangoni kuuliza jambo, lakini alipoiona kamera naye akaganda pale pale, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Basi tukakaa hivyo, wao wakiwa picha na mimi nikiwa mpiga picha, mpaka betri ikaisha na taa ikazimika.

Hapo Mama akashusha pumzi. "Nikisogeza mdomo si picha itaharibika?" akaniuliza.

Kisha yale maneno yakamtoka yote, matamu kweli, nami nimebeba kamera iliyokufa. Mwenye kamera alikuwa akiisubiri kwa harusi, na msafiri wa kuibeba kaseti alikuwa karibu kuondoka kwenda uwanja wa ndege. Tukaituma hivyo hivyo. Nikamwambia Mama asijali, sura yake inatosha.

Miezi ikapita. Siku moja tukaitwa kwenye duka lenye simu pale Kondele, ile simu iliyofungwa kufuli ndogo ili usipige, upigiwe tu. Mama akashika mkono wa simu kwa mikono miwili. Sauti ya ndugu yangu ilisikika hadi kwenye magunia ya sukari. Alisema kaseti ameiona, amelia, na maneno ya Mama yamemgusa sana moyoni. Mama akamshukuru, akamwuliza habari za baridi, akanipa simu.

Tulipokaribia nyumbani akasimama njiani.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, kama anavyoniita hata leo, "mimi sikusema kitu ndani ya ile kaseti."

Nilikasirika sana, kumbe kaseti hakuitazama. Nilimtukana ndugu yangu kimoyomoyo hadi jioni, nikaenda kumlalamikia yule mwenye kamera. Yeye akacheka. Alisema mashine za Marekani hazisomi kaseti za kwetu, mistari yake ya picha ni tofauti. Hata angeiweka mara mia angeona chengachenga tu.

Nilirudi mbio. Hakuna kinachomfurahisha mtaalamu kama hitilafu yenye maelezo. Nilimchorea Mama mistari ya televisheni yetu na ya kwao juu ya karatasi ya mkate, nikamweleza kwa kirefu kwamba ndugu yangu hana makosa, makosa ni ya mashine.

"Kwa hivyo hakuniona," akasema.

"Hangeweza, Mama."

"Na amesema ameniona."

Nikasema labda hakutaka kumvunja moyo. Nilipomaliza kusema hivyo, Mama aligeuka akatazama kabati. Kisha akaenda, akaondoa kitambaa, akaipangusa vumbi ile redio kwa kiganja.

"Chukua kalamu," akasema. "Mwandikie hii redio iliungua siku ile ile. Anza na hiyo. Halafu umwambie aje."