Picha ya Nepi Benkini

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya benki katikati ya jiji. Kijana aliyesimama mbele yangu alipokea picha kwenye simu, akafunika mdomo kwa kiganja, kisha akanigeukia.

"Mathe, hebu ona," akasema.

Ilikuwa picha ya nepi iliyochafuka.

"Ni ya mtoto wangu. Choo imekuwa ya kijani," akaeleza, machozi yakimlengalenga.

Mwanawe alizaliwa na afya, ila macho yakabaki manjano wiki baada ya wiki. Majirani zao wa Dagoretti Corner walisema aanikwe juani tu. Mkewe ndiye aliyeshtushwa na choo cheupe kama uji wa sembe, akaifunga nepi kwenye mfuko na kumpelekea daktari. Vipimo vikaonyesha kuwa mirija inayotoa nyongo kwenye ini imeziba. Juma lililopita mtoto alipasuliwa, utumbo ukaunganishwa moja kwa moja na ini, nao wazazi wakaambiwa wangoje choo kipate rangi.

"Kwa hivyo amepona?" nikauliza.

"Bado wanamwangalia. Labda siku moja atahitaji ini ingine. Lakini leo nyongo inashuka hadi kwa utumbo."

Mlinzi akaomba kuona, kisha mama aliyekuwa nyuma yangu. Simu ikapita mkono hadi mkono, na hakuna aliyekunja pua.

Wewe mwenye mtoto mchanga, kabla hujaitupa nepi, itazame. Ukikuta choo cheupe, usione haya, ipeleke hospitali pamoja na mtoto siku hiyo hiyo.