Nilitakiwa kuleta shahidi kwamba mimi ni meneja, shahidi akagoma kusaini

Wakuu, nawasalimu kutoka Dubai, mji ambao hata paka wa mtaani ana business card.

Naanza na kosa langu, ili wavivu wa kusoma uzi mrefu waondoke nalo mapema: miaka miwili ya mwanzo ya biashara yangu nilikuwa napiga deki sakafu ambayo mfanyakazi wangu ameshaipiga deki.

Sio mara moja moja. Kila siku.

Ninayoandika hapa yametokea. Majina tu nimebadilisha, maana mhusika mmoja anasoma humu na ana mdomo.

Biashara yenyewe ni usafi wa nyumba zilizohamwa. Mpangaji akitoka, kabla mwingine hajaingia, tunaingia sisi na ndoo. Nilianza kijana mdogo, leseni kupitia kafeel wangu, yaani mdhamini mwenyeji, na elimu ya biashara niliyoipata chuo kikuu maarufu kiitwacho YouTube. Nilihitimu kwa heshima zote. Nilijua leadership, nilijua vision, nilijua mpaka matajiri wanakunywa nini asubuhi.

Kampuni ilikuwa na watu wawili: mimi, CEO, na Nakato.

Nakato ni Mganda, alikuwa mlinzi kwenye mall kabla hajaja kwangu. Dada mtulivu, ameokoka, kazi anaijua. Mimi nikambariki kwa checklist yenye vipengele sabini na nne. Kipengele cha thelathini na moja: nyuma ya bomba la choo, tumia mswaki.

Akimaliza kufuta kioo, nakitazama kwa upande, halafu nakifuta tena. Yeye kimya. Nikadhani ule ukimya ni heshima. (Endeleeni kucheka, nawasubiri.)

Sasa, kuna mzee tunamwita Ami Suleiman. Mzanzibari, familia yao iko hapa tangu kabla sijazaliwa, anasimamia majengo matatu Al Baraha kwa niaba ya wenyewe. Tulishamsafishia nyumba kadhaa. Siku moja akaniita ofisini, akanimiminia kahawa.

"Mwanangu, wenye majengo wanataka kampuni moja tu, ishike nyumba zote mwaka mzima. Mie nimekutaja wewe."

Nikaanza kushukuru. Akaniinulia mkono.

"Ngoja. Wameuliza, huyo kijana umeneja kausomea wapi?"

Nikamweleza kuhusu chuo kikuu changu. Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande.

"Kazi yako mie naiona. Wao hawataki kuona, wanataka kusoma. Nenda kalete karatasi inayotambulika. Nakupa mpaka Ramadhani iingie."

Mjue hali yangu wakati huo. Nalala bed space International City, chumba kimoja watu sita. Leseni inakaribia kuisha na bila kazi ya uhakika nisingeweza kuihuisha. Bila leseni hakuna visa, yangu wala ya Nakato. Kwa kifupi, ama nipate ule mkataba, ama nipande ndege na ndoo zangu.

Nikatafuta taasisi inayotoa ithibati ya umeneja kwa watu walio kazini. Kumbe darasa ni kidogo. Kikubwa unaleta ushahidi kwamba unasimamia watu.

Ushahidi? Mimi? Mtu mwenye Excel ya rangi saba?

Niliwapelekea faili la kurasa mia na kumi. Niliandika sura ya utangulizi mara tisa. Kulikuwa na mchoro wa muundo wa kampuni: kisanduku changu juu, kisanduku cha Nakato chini, na mshale.

Msahihishaji akajibu kwa upole: faili ni zuri, sasa tuletee maelezo ya shahidi. Mtu mmoja unayemsimamia athibitishe kwa saini yake kwamba unamkabidhi kazi na kumwachia maamuzi.

Rahisi. Ninaye huyo mmoja. Maelezo nikayaandika mwenyewe kwa niaba yake, maana ningemwachaje aandike peke yake? Nikampa na kalamu.

Akasoma amesimama, ndoo mkononi.

"Bosi, hapa umesema unanipa kazi na unaniachia."

"Ndiyo."

"Kazi gani?"

"Si zote?"

"Jana nimefunga mfuko wa taka. Umeufungua, ukaufunga tena."

"Ulikuwa umefungwa vibaya. Saini tu dada, ni utaratibu."

"Mimi nimeokoka. Siwezi weka jina langu kwa uongo. Niachie nyumba moja. Moja tu, funguo nishike mimi. Halafu nitasaini."

Wakuu, nilikasirika. Ramadhani inakaribia, mtu ananiletea wokovu.

Na hapa nikiri kitu ambacho nimewahi kumwambia mtu mmoja tu. Nilikaa kitandani nikafanya mazoezi ya saini yake nyuma ya risiti. Ya nne ilitoka safi. Ilitoka nzuri kuliko yake, zile herufi za mwisho nilizinyoosha.

Nikaitazama. Nikaona kwamba nimefika mahali hata saini ya mtu naifanyia marekebisho.

Nikachana ile risiti.

Kesho yake nikampa Nakato funguo za nyumba ya vyumba viwili kwa Ami Suleiman, ghorofa ya nne. Mimi nikakaa cafeteria ya ng'ambo ya barabara na chai ya karak. Nilivumilia kama dakika arobaini. Nikapanda lifti, nikasogeza sikio mlangoni.

Sauti ikatoka ndani: "Bosi, nakuona kwa hiki kitundu. Yalla, rudi chini."

Nikarudi chini.

Saa nane mchana akanipigia, amemaliza. Nyumba kama ile, tukiwa wawili, tulikuwa tunatoka saa kumi na moja jioni. Kumbe yeye anaanza na jiko. Anapaka dawa ya mafuta, anaiacha ifanye kazi, anaenda vyumbani. Akirudi ni kufuta tu. Checklist yangu ilianza na mlango wa mbele kwa sababu ndio unaoonekana kwanza.

"Mbona miaka yote hukuniambia?"

"Ungeniandikia kipengele cha sabini na tano."

Niliingia kukagua. Ndiyo, nilienda moja kwa moja kwenye kipengele cha thelathini na moja. Kulikuwa na vumbi kidogo. Mikono iliniwasha. Nikaiweka mfukoni. Ami Suleiman akaja, akazunguka nyumba nzima, akasema mashallah.

Nakato akasaini. Chini ya Kiingereza changu kizuri akaongeza sentensi moja kwa mkono wake: anasimamia vizuri akiwa cafeteria.

Siku ya usaili kule kwenye taasisi, msahihishaji hakugusa hata ukurasa mmoja kati ya zile mia na kumi. Aliniuliza kuhusu sentensi ile tu, karibu saa nzima. Nilimweleza yote, mpaka ya risiti. Nikapita.

Cheti nikampelekea Ami Suleiman kikiwa kwenye fremu. Akakitoa kwenye fremu, akakitia kwenye faili, akawapelekea wenyewe. Sidhani kama nao walikisoma. Mkataba tukapewa.

Kwa hiyo, mnaouliza kila wiki humu kama ithibati ya umeneja ina faida kwa mjasiriamali: inayo. Karatasi itakufungulia mlango kwa watu wasiotaka kuona kazi yako. Lakini kilichonitengeneza ni lile sharti la shahidi. YouTube haikuwahi kuniomba shahidi. Ukitafuta kozi, uliza kwanza kama walio chini yako watahojiwa. Wakisema hapana, ujue unauziwa fremu.

Wenye biashara, kabla hamjanishambulia: mfanyakazi wako akipewa kalamu leo, atasaini? Jibuni kwa ukweli. Na mwenye checklist ndefu kuliko yangu ajitokeze, tufarijiane.

Kwa sasa tuko watu tisa. Checklist ina vipengele kumi na viwili, kaiandika Nakato. Funguo zote anashika yeye, na mimi nikitaka kuingia, nagonga.