Kibubu cha Duane na Marlene

Kila mwaka, theluji ya pembeni mwa barabara inapoanza kugeuka tope, Marlene Pavlik huja kwenye maktaba yetu na bahasha yake ya kahawia, anashuka ngazi hadi chumba cha chini na kukaa kwenye kiti kilicho karibu na kipasha joto. Hapo ndipo sisi tunaojitolea tunapowajazia watu fomu zao za kodi bila malipo mpaka katikati ya Aprili. Wengi wanaokuja ni watu wa viwandani na wastaafu, na kila mmoja anasubiri tumwambie jambo moja tu: kwamba atarudishiwa.

Marlene ana miaka sitini na moja. Tangu amalize shule amefanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki kilicho nyuma ya reli, na siku hizi yeye ndiye mkaguzi wa vifuniko vya chupa za mchuzi wa nyanya, vinavyopita mbele yake kwenye mkanda kama maji. Kelele za mashine zimemchosha sikio la kulia, kwa hiyo huongea kwa sauti kubwa, na ukianza kumjibu anakugeuzia la kushoto na kukuinamia, hata mgeni hudhani anaambiwa siri. Mimi ni mtu wa kuongea kidogo, na labda ndiyo maana alizoea kuja kwenye meza yangu. Nilipokuwa nikimwita Bi Pavlik alinikataza. Alisema Bi Pavlik alikuwa mama mkwe wake, na hawakuelewana.

Kwa miaka yote ya nyuma alikuja na mumewe, Duane, fundi wa mabasi ya shule, mtu mrefu mwenye kofia ambayo hakuivua hata ndani. Hawakujaliwa watoto. Duane alikuwa na mpango wake juu ya kodi, na alijivunia kama mtu aliyegundua mlango wa nyuma wa benki. Kazini kwake aliomba akatwe zaidi ya kodi inayotakiwa, kidogo kidogo kila mshahara, ili majira ya kuchipua serikali imrudishie hela hizo zote kwa mkupuo. Mzee Gus Tomlin, mhasibu mstaafu anayezipitia fomu zetu zote kabla hazijatumwa, alimwambia kila mwaka kwamba anaikopesha serikali bure, bila hata senti ya riba. Duane alimjibu kwamba zikiwa benki angezitoa Ijumaa yoyote akanunue chambo, lakini Washington ni mbali na hana mafuta ya kufika huko. Marlene aliuita mpango huo kibubu. Watu wengi wa mji huu wanacho kibubu cha aina hiyo, ila si wengi wanaokijua kwa jina.

Kibubu hicho kilikuwa na kazi moja. Kulipia wiki ya pili ya Agosti katika nyumba ndogo ya mbao ya Wanda Kesler, kando ya ziwa la Pymatuning. Walianza kwenda huko mwaka wa pili wa ndoa yao, na wiki hiyo haikuwahi kuwa ya mtu mwingine. Wanda ana sheria yake: mgeni wa mwaka uliopita ndiye wa kwanza, lakini asipotoa malipo ya awali kabla Machi haijaisha, wiki inakwenda kwa anayefuata. Kuna familia moja ya Ohio inayoitamani wiki hiyo tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa, na sasa watoto hao wana ndevu. Duane alikuwa akiwapungia mkono kwa makusudi walipopita na boti.

Duane alifariki Novemba ya mwaka juzi, akiwa anafunga kwenye gurudumu la basi minyororo ya kuzuia kuteleza thelujini. Marlene alipokuja maktaba majira ya kuchipua yaliyofuata, alikuja na hati za mishahara za wote wawili, zimeshikanishwa kwa pini moja. Sheria inamruhusu aliyefiwa kujaza fomu pamoja na marehemu kwa mwaka ule wa kifo. Mwaka ule wote, hata kama mwenzako aliondoka ukiwa umebaki mwezi, mnahesabiwa mke na mume. Nilijaza majina yote mawili. Marejesho yakaja kama kawaida, Wanda akalipwa, na Agosti Marlene akaenda ziwani peke yake.

Aliponisimulia wiki hiyo, hakuzungumza juu ya huzuni. Alisema alilala vizuri. Asubuhi alikaa na kahawa yake kwenye kiti chake, na kiti cha Duane akakitoa nje pia, kwa sababu hakuona sababu ya kukiacha ndani. Watu wa nyumba za jirani, ambao huonana nao wiki hiyo tu kwa mwaka, walikuwa wamesikia habari, lakini ndimi zao zilikuwa zimezoea. Waliendelea kumwita "Duane-na-Marlene" kama jina moja, wakamletea samaki wa watu wawili. Walikwenda naye kwenye lango la kutolea maji ya ziwa kuwatupia samaki mikate iliyokauka, kule samaki wanakojaa mpaka bata wanatembea juu ya migongo yao.

"Hapa mjini mimi ni mjane," aliniambia. "Dukani mjane, kanisani mjane. Kule wiki nzima nilikuwa bado mke wa mtu."

Mwaka huu alikuja mapema Machi, na bahasha ilikuwa nyembamba. Wakati akisubiri zamu yake, mwanamume mmoja wa kiwandani kwao alimtania kwamba amekuja tena kuchuma hela za serikali. Marlene akamjibu kwamba ni zake, serikali ni mtunzaji tu, na afadhali hiyo kuliko yeye anayetunziwa zake na mwenye baa. Watu wakacheka. Akaketi mbele yangu huku bado anatabasamu, akanipa hati moja ya mshahara, na kabla sijaisoma akanieleza kwamba Wanda ameshapiga simu, na yeye amemjibu avumilie, hela ziko njiani.

Nilianza kujaza. Swali la kwanza la programu ni la hali ya ndoa, na majibu yake ni machache. Kipo kisanduku cha waliofiwa, lakini hicho ni cha wenye watoto wadogo nyumbani. Kwa wengine wote kinabaki kisanduku kimoja chenye neno moja tu, linalomaanisha mtu peke yake. Aliyeachika yumo humo, asiyewahi kupendwa na mtu yumo humo, na mke wa Duane naye humo humo. Nilimwonyesha kwenye kioo, kwa sababu tunatakiwa tuwaonyeshe. Alisogea akaliangalia kama anavyoangalia kifuniko.

"Hicho siyo," akasema. "Weka kama mwaka jana."

Nilimweleza kwa sauti ya chini, naye akanigeuzia sikio la kushoto, nikalazimika kurudia kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia. Hakubisha. Akasema tu niendelee. Niliweka alama, nikaingiza namba za hati yake, na ile hesabu iliyo kwenye pembe ya juu ya kioo, ambayo kwa watu wenye kurudishiwa huwa ya kijani, ikageuka nyekundu. Nilifuta nikaanza upya, nikidhani nimekosea mahali. Ikageuka nyekundu tena. Hakuwa na cha kurudishiwa. Alikuwa anadaiwa dola elfu moja na mia saba na kitu.

Nilimwita Mzee Gus. Alivuta kiti, akaisoma hati kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Marlene kama ofisi ya kiwandani walimpa fomu mpya ya makato baada ya msiba.

Marlene alisema walimpa. Msichana wa ofisini alimpa Januari ya mwaka jana, akamwambia ajaze ukurasa wa kwanza tu airudishe. Januari yote akasema ataileta. Februari yule msichana akaacha kumuuliza.

"Iko wapi sasa?"

"Nyumbani. Juu ya friji."

Gus alivua miwani. Akamweleza taratibu kwamba kiwanda kiliendelea kumkata kama mwanamke mwenye mume, na mwenye mume hukatwa kidogo. Zamani makato ya ziada ya Duane ndiyo yaliyokuwa yakiziba pengo la mshahara wake. Sasa Duane hayupo, na mwaka mzima hakuna aliyekuwa akitia kitu kwenye kibubu. Hela hazikupotea, alisema; alizipata kidogo kidogo katika kila mshahara, akazila bila kujua.

"Nilijua," Marlene akasema. "Si hesabu. Hesabu sikujua. Lakini nilijua nikijaza ile karatasi kuna kisanduku."

Mashine ya kuchapisha ilikuwa ikitoa fomu za mtu mwingine.

"Nisikilize, Marlene," Gus akasema. "Serikali inakupa mwaka mmoja. Ule uliokwisha. Haina mwingine."

"Na nani aliyewaambia kwamba mmoja unatosha?"

Gus ni mtu ambaye hakosi jibu. Aliweka mkono wake mezani karibu na wa Marlene, bila kuugusa, akasema hajui.

Baada ya hapo walizungumza kama watu wazima wanavyozungumza juu ya deni. Angeweza kulipa kwa awamu, Gus angemwombea kupitia kompyuta siku hiyo hiyo, na kila mwezi kingekatwa kiasi ambacho kingemuuma lakini kisingemwangusha. Marlene aliuliza kama kwa mpango huo angeweza pia kumpa Wanda malipo yake mwezi huu. Gus akamuuliza ana kiasi gani benki. Akamwambia. Gus akatikisa kichwa kwamba hazitoshi, na Marlene akatikisa cha kwake vilevile, kama anayekubaliana naye juu ya hali ya hewa.

Nilimchapishia fomu mpya ya makato. Sikumwambia aijaze, nilimwekea tu mbele yake na kalamu juu yake. Aliandika jina na anwani kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani. Kwenye visanduku alisimama. Alizungusha kalamu vidoleni, akaniuliza kama wino wake unafutika. Nikasema haufutiki. Akasema vizuri, maana ungefutika angefuta, na akaweka alama haraka, kwenye kile cha mtu peke yake, kisha akatia sahihi. Aliikunja mara mbili akaitia kwenye mkoba.

Alimpigia Wanda pale pale mezani. Kwa ajili ya sikio lake, simu yake huongea kwa sauti ya nje, na hakuna mtu katika chumba kile aliyejifanya hasikii.

"Wanda, ni mimi. Wape wale wa Ohio."

Wanda akasema anaweza kumngojea mpaka Mei, hawezi kumfukuza mtu aliyemjua kwa miaka thelathini kwa sababu ya hela. Marlene akasema Mei haitakuwa na hela pia. Wanda akamwambia kuna siku za mwisho wa Septemba ambazo hakuna anayezitaka, aje tu, asilete kitu. Marlene alimshukuru. Alisema Septemba ya kule haijui, Duane hakuwahi kuiona, na angekaa anawatafuta watu ambao wameshaondoka.

"Basi nitawaambia," Wanda akasema. "Watafurahi mno, masikini."

"Wanda, waambie mlango wa wavu unyanyuliwe kidogo ndiyo ujifunge. Wasiusukume."

"Nitawaambia."

"Na bomba la nje, wageuze kulia. Duane alilitengeneza asubuhi moja, akalifunga kinyume, na hakulirudisha. Mgeni atadhani maji hakuna."

"Sawa, kipenzi."

"Na jioni upepo unatoka upande wa mabanda ya boti. Viti vielekee kwenye miti. Wakiviacha vilivyo watapata mbu, watasema mahali pabaya."

Wanda alisema anaandika. Kwenye simu ilisikika droo ikifunguliwa. Gus alisimama akaenda kumpokea mtu aliyefuata, akampeleka meza nyingine. Mimi nilibaki, kwa kuwa fomu yake ilikuwa bado haijatumwa na nilihitaji aikubali. Marlene aliinama karibu na simu, akamwambia Wanda kwamba ubao wa tatu wa gati unacheza, kwamba taa ya barazani huwaka yenyewe mvua ikinyesha na wasiogope, kwamba saa moja asubuhi kuna ndege mkubwa wa kijivu anayesimama kwenye maji ya kina kifupi, na wakimtaka wamwone watoke polepole na wasizungumze.