Wapi Niwaandike Waliokata Tuta

Mimi nimeishia darasa la nne, kwa hiyo kujaza daftari moja kulinichukua masika mawili. Ndani yake nimeandika jinsi mdogo wangu wa kike alivyokufa maji huko mbugani kwenye mpunga, na ni nani waliomuua. Taarifa ya kijiji inasema mvua kubwa. Mvua haishiki jembe. Waliokata tuta la mfereji ili maji yaache mashamba yao yaje kwetu ni aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji na katibu wa kamati ya mfereji. Hapa sitaji majina. Kwenye daftari yapo.

Siku ile tulilala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa msimu wa kulinda mpunga. Alfajiri tukasikia maji yanachapa shambani. Sisi wa bonde hili ukisikia hivyo unajua viboko wameingia. Tukavuta ngazi juu, tukapiga madebe. Majirani nao wakasikia madebe, wakasema wale wanafukuza viboko, wakageukia upande wa pili wakalala. Kumbe tulikuwa tunayapigia maji. Nguzo zilipolegea, mimi nilidondokea kwenye kichuguu. Yeye hakukipata.

Basi mwaka huu nikatoka Mchombe na daftari langu, nikaenda Ifakara kwenye steshenari ya binti mmoja anayewachapia watu barua na kuwaweka wafanyabiashara mtandaoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka haya yasomwe na mtu yeyote, hata aliye Dar es Salaam."

Akasoma kurasa mbili, akaacha kutafuna karanga.

"Mama, njia ziko mbili. Blogu ni bure, tunamaliza leo hii, na si lazima ujitaje. Au tovuti yako mwenyewe. Hiyo unailipia kila mwaka, na inasajiliwa kwa jina lako."

"Hiyo ya bure ni ya nani?"

"Ya kampuni, huko nje. Wanakupa nafasi tu."

"Na mwenyekiti akienda kuwalalamikia?"

"Wakimkubalia wanaifuta. Unaamka asubuhi, haipo."

Hiyo naijua. Nimelima shamba la kuazima. Unang'oa visiki, unatengeneza majaruba ya mpunga, na mwaka mpunga ukikubali, mwenye shamba anakumbuka kwamba ana watoto wa kulilima.

"Lakini mama, kwenye tovuti watakujua," binti akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Blogu unajificha. Uwe salama kwanza."

Hilo neno salama nikalipima. Mlango wangu ni wa bati. Yule mwenyekiti siku hizi ni mtu wa kupigiwa honi za salamu na magari. Nikaomba maji ya kunywa, mengine yakamwagikia daftari.

Hapo simu ikalia. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

"Shemeji, nasikia uko mjini unachapisha vitabu. Umekuwa profesa?" Akacheka.

"Nani kakwambia?"

"Si kaka, nani mwingine?" Kicheko kikakatika. "Sasa shemeji, umewaandika wangapi?"

"Wawili."

Akashusha pumzi, nikaisikia kabisa. "Haya. Safari njema."

Pumzi ile ndiyo iliyoniamulia. Majembe yaliyokata tuta yalikuwa matatu. La tatu nililikuta pale tutani, mpini umefungwa kwa kamba ya mpira, na mpini ule naujua, nimeulimia. Lilikuwa la shemeji. Kwenye daftari nililiruka ili ndoa yangu isivunjike. Na nikiwataja watu huku nimejificha, nina tofauti gani naye?

Nikamwambia binti, "Tengeneza tovuti. Weka majina yangu yote matatu. Na uongeze mtu wa tatu."

"Mama, una hakika?"

"Sina. Andika."

Wiki tatu sasa iko hewani. Mume wangu ananijibu neno moja moja. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba, naacha ninachofanya. Juzi moja ilisimama. Shemeji akapiga hodi akiwa tayari uani, simu mkononi. Mimi nilikuwa napepeta mchele.

"Kumbe na mimi nimo."

"Umo."

"Inafutwaje?"

"Ingekuwa blogu ungewaandikia wenye kampuni. Hii ni yangu. Unaniomba mimi, na unieleze ulikuwa unafanya nini pale tutani."

Akavuta kigoda, akavua kofia, akaketi. Mimi sikujua niogope zaidi au nipunguze hofu. Nikaendelea tu kupepeta.

Alikaa mpaka nikamaliza. Hakuomba, hakueleza, akaondoka. Jina lake lipo palepale. Kofia yake aliiacha juu ya kigoda, na mpaka leo hakuna aliyeigusa. Kila pikipiki inapopunguza mwendo, nasema huyo ameifuata.